Pedali ya sauti ya stili: anza na mguu wako

Kila anayeanza kujifunza gita la stili lenye pedali, lile linalolala juu ya miguu yake mbele ya mpigaji aliyekaa, hapa Mombasa huuliza ni pedali gani ya sauti, yaani ya kupandisha na kushusha sauti, inayolia vizuri. Mimi huuliza kwanza anapigia kiti cha kimo gani, na amevaa nini mguuni. Wengi hudhani nawatania. Lakini mguu wa kulia wa mpiga stili una kazi mbili kwa wakati mmoja: unyayo unaongoza sauti, na goti la mguu huohuo linasukuma nyenzo za kubadilisha noti zinazoning'inia chini ya gita, mmoja kushoto kwake na mwingine kulia. Mpiga gita wa kawaida amesimama, anakanyaga pedali yake anapotaka kisha anaondoka. Wewe umekaa, na mguu hautoki pale tangu wimbo wa kwanza mpaka bibi harusi aondoke.

Basi pima kimo kabla ya kitu kingine chochote. Pedali ikiwa juu, goti nalo linapanda, na wenzo unakugusa pasipo mahali pake. Mwenye miguu mirefu ndiye anayeteseka zaidi, kwa sababu paja lake tayari liko karibu na tumbo la gita. Kwenye magita mengi ya E9, yaani yenye mpangilio huo wa kutuni nyuzi, kuna wenzo wa goti la kulia unaoshusha uzi wa pili. Mtu aliyebanwa akitaka kuusukuma hupindisha kifundo cha mguu ili goti lipate nafasi, na papo hapo sauti inapanda au kuzama bila yeye kukusudia. Ukisikia sauti yako inayumba kila goti linapofanya kazi, usikimbilie kufanya mazoezi zaidi. Inama uangalie kimo. Watengenezaji wa pedali, Goodrich, wana iitwayo 120 na nyingine iitwayo L120, ambayo imelala chini zaidi. Tofauti hiyo waliiweka kwa ajili ya magoti. Mtu mfupi anaweza kupatwa na kinyume chake: pedali iliyolala mno inaliacha goti chini ya wenzo, na hapo ya kawaida itamfaa zaidi. Kama hata pedali ya chini haikutoshi, tatizo ni gita, nalo linahitaji miguu mirefu zaidi pamoja na fito ndefu za pedali. Hiyo ni gharama nyingine, lakini heri kuijua mapema.

Baada ya kimo, angalia mlalo. Kaa, weka kisigino, irudishe pedali nyuma mpaka sauti izime kabisa. Ukihisi msuli wa muundi unavuta, pedali hiyo ina mwinuko mkubwa kwako, hata kama yule aliyekuuzia aliipigia miaka mingi. Kisha fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: iache katikati ya mwendo wake, uikalie hivyo kwa muda wa wimbo mzima. Katikati ndipo mguu wako utakapoishi. Mpiga stili hupanga amplifaya yake ili upigaji wa kawaida uwe karibu na nusu ya pedali, na nusu inayobaki ni akiba. Umeuchapa uzi, sauti inaanza kufifia, nawe unaisukuma polepole ili noti iendelee kusimama. Ule mlio mrefu wa kulialia unaousikia kwenye nyimbo za kantri redioni, au kwenye muziki wa juju wa King Sunny Adé wa Nigeria, unatoka hapo kwa sehemu kubwa. Anayeanza hufungua pedali yote tangu mwanzo, na noti ikianza kufa hana pa kwenda. Au huipampu kwa kila noti kama anapiga cherehani. Yote mawili mara nyingi huanzia kwenye pedali isiyotulia mguuni.

Kutulia kuna maana yake. Pedali nzuri hubaki pale ulipoiacha. Ukiondoa mguu, isianguke mbele wala kurudi nyuma kwa uzito wake. Nyingine zina skrubu ya kukaza au kulegeza, iulizie. Mimi hupenda yenye ugumu kidogo, kwa sababu jasho letu la pwani na mguu uliochoka saa sita za usiku havishirikiani vizuri na pedali laini.

Viatu sasa. Ukienda kujaribu pedali, vaa kile utakachopigia. Soli nene ya raba hukuficha pedali, huijui imefika wapi. Makubadhi ya ngozi yana soli nyembamba nayo yanafaa sana, ila kamba ya kisigino iwe imara. Kandambili acha nyumbani, zinatoka mguuni katikati ya wimbo. Na kwa wanaopiga harusini wakiwa wamevaa kanzu: ipandishe juu ya magoti kabla ya kukaa, kwa maana kitambaa kikiingia kati ya goti na wenzo, goti linateleza.

Sasa umeme wake, kwa ufupi, maana hapa ndipo pesa hupotea. Maduka ya vyombo vya muziki mjini huuza zaidi pedali za kinanda. Yenye tundu moja tu la jeki mara nyingi ni ya kukipa kinanda amri. Haipitishi sauti ya gita hata kidogo. Unayoitaka ina tundu la kuingia na la kutoka. Hata yenye matundu mawili, uliza ukinzani wake. Pikapu ya stili, yaani kile kidude kinachonasa mlio wa nyuzi, isiyo na betri inataka takriban kilo-ohm 500. Ukiifunga kwenye pedali ya kinanda ya kilo-ohm 50 au 25, nyuzi za juu zinapoteza ung'avu, gita linalia kama limefunikwa blanketi. Ukiwa nayo tayari, bafa ndogo, yaani kisanduku cha kuimarisha umeme wa pikapu, kati ya gita na pedali huokoa hali.

Kuna aina mbili za matumbo ya pedali. Moja ina poti, yaani kile kidude cha kuzungusha kama cha sauti ya redio, kinachovutwa na uzi uliozungushwa kwenye mhimili wake. Nyingine, kama zile za kampuni ya Hilton, hutumia mwanga: hakuna kinachosugua kitu, kwa hiyo haikwaruzi, lakini inahitaji stima. Utasikia watu wakisema ya mwanga haifai kwetu kwa sababu stima hukatika. Hoja hiyo hainishtui. Stima ikikatika, amplifaya nayo imenyamaza. La maana zaidi ni adapta. Iliyotoka Marekani isome maandishi yake: ikiwa volti 100 hadi 240, badilisha plagi tu, ikiwa ni 120 peke yake, tafuta transfoma, kwa sababu yetu ni 240.

Ya poti ni rahisi, na fundi yeyote wa redio anaielewa. Adui yake ni hewa ya bahari. Chumvi na vumbi huingia kwenye poti, na siku moja unasikia mkwaruzo kila ukisogeza mguu. Nyunyiza dawa ya kusafishia kontakti, kisha isogeze mbele na nyuma mara nyingi. Usitie mafuta ya cherehani, yanakusanya vumbi na mwezi ujao hali ni mbaya zaidi. Uzi wake nao huchakaa, na hukatika bila taarifa. Hapa Mombasa tuna bahati: mshipi wa kuvulia uliosukwa, ule laini usio na mnyumbuko, hufanya kazi hiyo vizuri. Usichukue ule wa nailoni wa uzi mmoja unaong'aa, huo unanyumbuka na kuteleza kwenye mhimili. Kabla ya kuukata uzi wa zamani, piga picha kwa simu jinsi ulivyozungushwa na upande ulikoanzia, la sivyo utaufunga kinyume na pedali izime unapokanyaga.

Sakafu usiisahau. Jukwaa la hoteli mara nyingi ni vigae, na pedali huondoka taratibu kuelekea kwa hadhira. Kipande cha mati ya raba ya gari chini yake kinatosha, ingawa bora zaidi ni kibano kinachoifunga kwenye mhimili wa pedali za gita, ili kila unapofunga vyombo iwe palepale, pembeni kabisa ya pedali ya mwisho. Pakiwa na pengo, mguu unatanuka na nyonga itakuuma.

Ukinunua iliyotumika kutoka mbali, mwombe muuzaji akutumie video mbili: moja ya tumbo la pedali likiwa wazi, nyingine noti moja ikilia huku akiifungua polepole kutoka sifuri. Sikiliza kama sauti inapanda kwa ulaini au inaruka ghafla mwishoni. Na muulize kimo chake kutoka sakafuni hadi kisiginoni na hadi vidoleni. Pima hivyo vimo kwa vitabu chini ya mguu wako, ukiwa umekaa kwenye gita, kabla ya kutuma hela.