Betri ya Jeti ya Rimoti

SWALI: Mhariri, ndege ya rimoti ya propela naimudu, na sasa natamani jeti ya umeme yenye feni ya milimita 70. Muuzaji ananishauri betri ya seli 6 ya ampea-saa 4. Je, inafaa, na nichague jeti ya umbo gani? – Msomaji, Malindi.

JIBU: Ndugu msomaji, inafaa iwapo feni na kidhibiti mwendo chake vimetengenezwa kwa seli 6, yaani volti 22.2, ambazo hufikia 25.2 betri ikijaa. Hata hivyo, feni ikivuta ampea 60 mfululizo, betri hiyo humalizika kwa dakika 4, na kwa kuwa betri ya lithiamu haifai kuishiwa chaji kabisa, tega rimoti ilie dakika ya tatu. Usiporuka, ihifadhi ikiwa na volti 3.8 kwa kila seli. Ikivimba kama andazi, hata kidogo, usiichaji tena.

Kuhusu umbo, mimi ningechukua jeti ya mafunzo yenye mabawa mapana, kwa sababu zile za kivita, ingawa hupendeza macho, huporomoka ghafla mwendo ukipungua. Usiirushie ufukweni, kwani feni hufyonza mchanga. Tafuta uwanja wa nyasi fupi, mbali kabisa na kiwanja cha ndege.