Maswali yenu ya lupa: kipande cha kwanza ndio kila kitu

Wengi mmeniuliza kuhusu lupa, hiyo mashine inayorekodi kipande papo hapo jukwaani halafu inakirudia huku wewe unaendelea kupiga juu yake. Nimechukua machache.

Mwalimu, nimeona jamaa Westlands peke yake na gitaa, nasikia ngoma, besi, sauti tatu. Si hiyo ni plebaki tu? (Umoja)

Hapana kaka. Plebaki inatoka studio ikiwa tayari, huyo alianza na kimya. Amegonga mwili wa gitaa, akakanyaga pedali ya lupa, sauti hiyo ikaanza kujirudia, akaongeza besi, akaongeza sauti, na akikosea hapo kosa linarudi kila mzunguko na watu wote wanasikia. Hiyo ni kazi ya mwanamuziki, tuiheshimu. Mnamo 2015 mwimbaji Mwingereza Ed Sheeran alipiga uwanja wa Wembley, London, usiku tatu peke yake hivyohivyo.

Hii kitu ni ya juzi? (Rongai)

Ya zamani sana. Mtunzi Mmarekani Terry Riley alikuwa anaifanya Paris 1963 na mashine mbili za tepu, utepe unatoka moja unaingia nyingine, ya kwanza inarekodi, ya pili inacheza na kurudisha sauti kwa ya kwanza. Pedali za mguu zilikuja baadaye sana.

Nikilupu, baada ya muda napishana na dramu mashini. Shida ni pedali yangu? (Kasarani)

Dada, karibu kila mara shida ni mguu. Hebu tupige hesabu, kwa mapigo 120 kwa dakika ukihesabu moja hadi nne mara nne ni sekunde 8 kamili, sasa ukikanyaga kufunga kipande umechelewa sehemu ya kumi ya sekunde tu, lupa haijui umechelewa, yenyewe inaamini kipande ni sekunde 8.1, na ikizunguka mara kumi uko nyuma ya dramu kwa sekunde nzima! Kwa hivyo kanyaga kwenye "moja" inayofuata yenyewe, usingoje uisikie kwanza, hesabu mguu kama noti. Fanya mazoezi pedali ikiwa haijawashwa, gitaa mkononi, unahesabu kwa sauti na kukanyaga, hadi uchoke. Na ukiwa na mpiga dramu wa kweli mwambie aifuate lupa, sababu lupa haiwezi kumfuata yeye.

Halafu acha nafasi. Sikiliza magitaa ya benga, moja linajibu pale lingine limenyamaza. Ukijaza kipande cha kwanza chote, cha tatu kitakuwa kelele.

Ninunue gani, na pesa ni kidogo? (South B)

Ya kitufe kimoja yatosha, bora iweze kufuta safu ya mwisho uliyorekodi. Ukiwa mwimbaji hakikisha ina tundu la maiki, nyingi za gitaa hazina. Boss RC-505 ina njia tano, kila moja na kipande chake, na unaibonyeza kwa mikono, wapiga bitiboksi, wale wanaotoa ngoma kwa mdomo, wanaipenda, lakini bei iko juu. Ukienda maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, beba gitaa na waya wako, ijaribu hapohapo. Na adapta tafadhali! Nyingi zinataka volti 9 na hasi iwe katikati ya plagi, ukichomeka ya redio yenye chanya katikati unaweza kuichoma. Stima ikipotea katikati ya shoo, kipande ambacho hujasevu kimeenda.

Napiga nyatiti, naweza kulupu? (Kayole)

Mzee, wewe ushakuwa bendi: nyuzi nane, oduong'o, ile pete ya chuma, kwenye kidole cha mguu, gara, zile njuga za mguuni, na bado unaimba. Kwa hivyo nyuzi usizirekodi, ziache ziwe hai. Lupu sauti za kuitikia tu, kwa maiki, na pedali iweke upande wa mguu usio na gara ndio usikatize mdundo. Maiki isikae karibu na oduong'o, chuma hicho kinapenya kila mahali na kikiingia kwenye kipande kitagongana na kile unachopiga wewe.