Simamisha Picha, Uliza Swali

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama shule na maktaba zinahitaji vifaa vya sauti na picha wakati hata vitabu vyenyewe havitoshi. Ninafundisha baiolojia sekondari hapa Tabora. Jibu langu ni ndiyo, na nimelipata kwa nyuki.

Darasani kwangu hakosekani mtoto ambaye baba au babu yake anarina asali. Mzinga wa magome wanaujua, moshi wanaujua, kuumwa ndiyo usiseme. Lakini tukifika pale nyuki anapowaeleza wenzake kwa kucheza mahali penye maua, miaka yote niliwachorea mchoro wa mishale unaofanana na tarakimu 8. Wanaukariri, mtihani wanafaulu, basi. Siku moja nikauliza: huyu nyuki anachezea wapi? Karibu darasa zima likajibu, "Kwenye ua, mwalimu." Mchoro haukuwaambia kwamba ngoma ile huchezwa ndani ya mzinga, gizani, juu ya sega lililosimama wima.

Muhula uliofuata nikaazima projekta, nikatundika shuka jeupe ukutani, nikawawekea video ya dakika mbili. Mara ya kwanza nilizima sauti, watazame tu. Mara ya pili nikaisimamisha pale nyuki anapokwenda akitikisa tumbo. Ameelekea wapi? "Juu, kidogo kulia." Hapo ndipo nikawaeleza alichogundua Karl von Frisch, mwanasayansi wa Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973: kwenye sega, juu ndiko upande wa jua, na kadiri mtikisiko unavyodumu ndivyo maua yalivyo mbali. Tukatoka nje. Wakaelekea jua, wakageuka kidogo kulia, na mikono yote ikanyooka kwenye mwembe uleule. Kijana mmoja akauliza, "Na mawingu yakifunika jua?" Nikamjibu kwamba kipande kidogo cha anga la buluu kinamtosha nyuki, kwa kuwa macho yake husoma mpangilio wa mwanga ambao sisi hatuuoni. Kwa miaka yote ya mchoro, swali hilo sikuwahi kuulizwa.

Lakini video ile ingepita moja kwa moja bila kusimamishwa, wangetoka na muziki wake tu. Nimeona filamu ya dakika 40 ikiwekwa ili mwalimu asahihishe madaftari, na hiyo kwangu si kufundisha.

Wazazi wetu walilielewa hili bila projekta. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini kote. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana na kiongozi wao, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Redio ilianzisha tu. Vyoo vilichimbwa kwa sababu ilipozimwa watu waliendelea kuzungumza.

Sasa maktaba. Niliwahi kwenda kwenye maktaba moja kuulizia kanda, nikaonyeshwa kabati lililofungwa kwa kufuli. Mkutubi mwenyewe, dada mwungwana aliyenisaidia kutafuta funguo, hakujua ndani mna nini, maana kaseti hazikuwa kwenye katalogi. Kitu kisichokuwa kwenye katalogi hakuna wa kukiazima. Naomba kanda na video zipewe kadi kama vitabu: jina, mada, mwaka, dakika, na inahitaji mashine gani. Tena zile za zamani zihamishiwe kwenye kompyuta mapema. Kitabu kikikaa miaka 30 rafuni bado kitasomeka, ila utepe wa kaseti huliwa na joto na ukungu.

Tulipofungua kabati, kaseti mbili za juu zilikuwa zimeota ukungu mweupe. Ya tatu ilikuwa safi, na lebo yake imeandikwa kwa mkono: "Ngoma, Wanyamwezi, upande A." Tukaizungushazungusha mikononi, tukairudisha. Mashine ya kuichezea haikuwepo.