Kofia za mti wa Krismasi kwa kroshia: maswali ya wasomaji wa Kigoma na majirani zao

Barua nyingi za safari hii zimetoka Kigoma, na karibu zote zinauliza habari ya kofia ya kroshia yenye umbo la mti wa Krismasi. Tumeziweka pamoja. Ili tuelewane: fundo fupi ni kuingiza kroshia (ile sindano yenye ndoano) tunduni, kuvuta uzi, kisha kuuvuta tena kupita vitanzi viwili kwa mara moja. Fundo refu linaanza kwa kuzungushia uzi kwenye kroshia kabla ya kuingia tunduni, na vitanzi vinatolewa viwili viwili. Kuteleza ni kuvuta uzi moja kwa moja kupita vitanzi vyote bila kupanda.

Shikamooni. Ninafundisha shule ya Jumapili. Tuna watoto 12 wa kwaya, wa miaka 5 hadi 9, na tunataka wote wavae kofia za mti wa Krismasi siku ya kuimba. Vitambaa vya makochi ninafuma vizuri, kofia sijawahi. Ninunue uzi kiasi gani, na nianzie wapi?
*Mwalimu, Mwanga, Kigoma*

Marahaba, Mwalimu. Kama unafuma vitambaa, mafundo yote unayo tayari. Kinachobadilika ni hesabu. Kitambaa cha duara hulala bapa kwa sababu unaongeza mafundo kila mzunguko. Mti unasimama kwa sababu unaongeza mara moja tu katika kila mizunguko mitatu. Mkono uliozoea vitambaa utataka kuongeza kila mara, na hapo ndipo kofia nyingi za mafundi wazuri zinapoharibika.

Uzi uwe wa unene wa kati, ule ambao gramu 100 zina mita 170 hadi 200, na kroshia ya milimita 5. Kofia moja ya umri huo inakula gramu 65 hadi 75 za kijani, gramu 10 za kahawia na gramu chache za njano. Kwa watoto 12 nunua gramu 900 za kijani, gramu 120 za kahawia na bonge moja la gramu 50 la njano. Kijani ununue chote siku moja, na uangalie namba ya rangi kwenye karatasi ya kila bonge, zote zifanane. Kijani cha wiki ijayo kinaweza kutofautiana kidogo na cha leo, na kwaya ikijipanga mstari mmoja itaonekana.

Kwanza fuma kipande cha majaribio kwa mafundo mafupi. Upana wa sentimita 10 uwe na mafundo 14, na urefu wa sentimita 10 uwe na mistari 16. Usiruke hatua hii. Ukipata mafundo 16 katika upana huo, kofia ya mafundo 66 itatoka sentimita 41 na haitaingia kichwani. Ukipata 12 itakuwa sentimita 55 na itafunika macho. Badilisha kroshia, usibadilishe hesabu. Kichwa cha mtoto wa umri huo huwa karibu sentimita 51 hadi 53, na kofia inatakiwa iwe pungufu kwa sentimita 4 au 5 kwa kuwa fumo linavutika.

Anza kileleni. Zungusha uzi kidoleni, fuma mafundo mafupi 6 ndani ya kitanzi hicho, kisha vuta mkia wa uzi mpaka kifumbe. Endelea kuzunguka bila kufunga mzunguko, na uweke kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye fundo la kwanza la kila mzunguko ili usipotee. Mzunguko wa 2 na wa 3 fuma 6 vilevile. Wa 4 ongeza 6, yaani mafundo mawili katika kila tundu, upate 12. Mizunguko miwili bila kuongeza, kisha wa 7 upate 18, wa 10 upate 24, na hivyo hivyo 30, 36, 42, 48, 54, 60, mpaka mzunguko wa 31 upate 66. Laza kofia mezani: upana wake ukingoni uwe sentimita 23 hadi 24. Toka hapo usiongeze tena. Fuma mizunguko 11 ya kijani, kisha minne ya kahawia kuwa shina. Jumla ni mizunguko 46, kama sentimita 29 kutoka kileleni hadi ukingoni. Ikivaliwa, karibu sentimita 13 za ncha zitasimama juu ya utosi.

Matawi yanahitaji maandalizi wakati wa kufuma. Kila fundo lina nyuzi mbili juu yake, ya mbele na ya nyuma. Ukifika mzunguko wa 11, wa 20, wa 29 na wa 38, ingiza kroshia kwenye uzi wa nyuma peke yake. Nyuzi za mbele zitabaki wazi kama ngazi, na hizo ndizo utakazofumia matawi mwishoni. Utakuwa na mistari minne yenye nyuzi 24, 42, 60 na 66.

Kila tawi lina mizunguko miwili. Wa kwanza ni wa mafundo marefu, na mnyororo wa mafundo 3, yaani vitanzi vinavyovutwa kimoja ndani ya kingine, unahesabika kuwa refu la kwanza. Kwenye nyuzi 24, weka marefu mawili katika kila uzi wa pili, upate 36. Kwenye 42, ongeza katika uzi wa tatu, kisha wa nne, kwa zamu, upate 54. Kwenye 60, ongeza katika kila uzi wa tano, upate 72. Kwenye 66, ongeza katika kila uzi wa kumi na moja, upate 72. Mzunguko wa pili ni wa vipepeo: fundo fupi, ruka matundu mawili, marefu matano katika tundu moja, ruka mawili, rudia. Kila kipepeo kinakula matundu 6, kwa hiyo utapata vipepeo 6, 9, 12 na 12 bila kubakiza. Ukibakiza tundu, umekosea hesabu kwenye mzunguko wa chini yake. Fumua huo, usijaribu kulificha.

Kwa mama mwenye kichwa cha sentimita 55 endelea kuongeza mpaka 72. Aliyesuka rasta, au anayevaa kofia juu ya kilemba, afike 78. Hesabu yoyote utakayochagua igawanyike kwa 6, la sivyo vipepeo havitakaa.

Ncha ya kofia yangu inalala pembeni. Nimeijaza pamba, sasa inavuta kofia nzima nyuma. Nimejaribu pia kanji ya unga wa muhogo, haikushika. Nifanyeje?
*Msomaji, Ujiji*

Dada, toa pamba yote. Pamba iliyosokotwa ndani ya ncha ni nzito, na uzito wa kileleni unaangusha zaidi ya kusimamisha. Kanji nayo inashika kwenye uzi wa pamba, kama unavyoona kwenye vitambaa, kwa sababu pamba inainywa. Akriliki, yaani uzi wa kiwandani usio pamba wala sufu, hainywi, kwa hiyo kanji inabaki juu juu na kupukutika. Hata kwenye pamba, unyevu wa Desemba huko ziwani utailegeza.

Ncha inasimamishwa na fumo lenyewe. Fuma mizunguko 15 ya kwanza kwa kroshia ya milimita 4, kisha uhamie ya 5. Kofia iliyokwisha kufumwa unaweza kuiokoa: fuma ncha nyingine kwa kroshia ya 4, toka kileleni, kwa hesabu ile ile mpaka mafundo 36, uipenyeze kwa ndani na kuishona mahali pachache. Itakuwa kama bitana.

Halafu pima uzito wa nyota ya kileleni. Nyota nzito inaangusha hata ncha iliyofumwa kwa kukazwa. Nyota nyepesi ni hii: mafundo mafupi 5 katika kitanzi cha kukaza, mzunguko wa pili upate 10. Kisha teleza katika tundu moja, fuma mnyororo wa 4, na kuanzia fundo la pili la mnyororo rudi kwa kuteleza, fupi, refu. Ruka tundu moja, teleza linalofuata, rudia mpaka pembe ziwe tano. Fuma mbili, uzishone mgongo kwa mgongo, usizijaze kitu.

Matawi yangu yote yanatazama juu kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Nilianzia ukingoni kwenda kileleni.
*Msomaji, Kasulu*

Hapo ndipo tatizo lilipo. Tawi linaelekea kule kofia inakoelekea kufumwa. Ukianza kileleni, yanashuka yenyewe. Ukianza ukingoni, nyuzi zilizobaki wazi zinatazama ncha, na chochote utakachofumia hapo bila kuigeuza kofia kitapanda. Fumua matawi tu, kofia uiache. Ishike ncha ikiwa imekuelekea wewe na ukingo ukiwa mbali, kisha ufume matawi upya. Kama bado yanakunjamana kwenda juu, umeyabana mno: mzunguko wa marefu haukuongezwa. Miti ya Ulaya jamii ya msonobari, ambayo kofia hii inaiiga, matawi yake ya chini ni marefu kuliko ya juu, na kofia isiyopanuka kwenda chini haifanani na mti.

Nilipakua patani (maelekezo ya kufuma) kwenye simu. Imeandikwa dc kila mahali, nikafuma mafundo marefu. Kofia imekuwa ndefu hadi mabegani na ina matundu. Nimefuata kila mstari.
*Msomaji, Isevya, Tabora*

Patani hiyo bila shaka imeandikwa Kiingereza cha Uingereza. Kwa Waingereza dc ni fundo fupi. Kwa Wamarekani dc ni fundo refu, na fundo fupi wanaliita sc. Fundo refu linapanda karibu mara mbili ya fupi, ndiyo maana urefu umekuzidi huku upana ukiwa karibu ule ule. Njia ya haraka ya kujua: tafuta sc katika patani nzima. Ikiwapo, ni ya Kimarekani. Isipokuwepo hata mara moja, na dc zimejaa, chukua dc kuwa fundo fupi.

Huku Kibirizi joto haliondoki hata mvua ikinyesha. Watoto hawatatokwa jasho kwa sufu?
*Mama wa watoto wawili*

Watatokwa, Mama. Uzi unaouzwa kwa jina la sufu mara nyingi ni akriliki, na akriliki hainyonyi jasho. Kwa kuimba ndani ya kanisa kwa saa moja inavumilika. Kwa maandamano ya nje chagua uzi wa pamba, lakini ujue ni mzito na hauvutiki sana: weka matawi mawili tu, la nyuzi 24 na la 60, na upunguze sentimita 2 badala ya 4 au 5 kwenye kipimo cha kichwa. Sisi kwa joto la ziwani tungependelea mti mdogo usio kofia: fuma kileleni mpaka mafundo 30 tu, uweke tawi moja, kisha ushone kwenye bendi ya kichwa. Kichwa kinapumua na mti unaonekana.

Mjukuu wangu ana miezi 8. Nataka kumtengenezea ya kwake, yenye shanga na zile taa ndogo za betri.
*Bibi, Gungu*

Shikamoo, Bibi. Shanga usiweke, na taa usiweke kabisa. Shanga na vifungo hung'oka na kumkaba mtoto. Betri bapa za duara ni hatari zaidi: ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Ikitokea mtoto amemeza, mkimbizeni hospitali hapo hapo bila kusubiri dalili.

Mapambo yafume katika kofia yenyewe. Kwa uzi mwekundu, anzisha marefu manne katika tundu moja bila kumaliza lolote, kisha vuta uzi mara moja kupita vitanzi vyote vitano. Linatoka tunda dogo la mviringo lisiloweza kung'oka. Kichwa chake huenda ni sentimita 43 hadi 46, kwa hiyo ishia mafundo 54 au 60. Usimfungie kamba kidevuni, na akisinzia ivue.

Nyekundu imechuja kwenye nyeupe. Siki itasaidia?
*Msomaji, Katubuka*

Kwenye pamba siki haishikishi rangi. Loweka kofia sasa hivi, kabla haijakauka, katika maji baridi mengi yenye sabuni, ubadilishe maji mpaka yawe meupe. Safari nyingine jaribu kabla ya kufuma: lowesha kipande cha uzi mwekundu, ukikamulie ndani ya kitambaa cheupe. Kikiacha doa, ufue bonge zima kwanza likiwa limefungwa kama kitita, likauke, ndipo ufume. Kofia ianikwe kivulini ikiwa imelazwa, ncha imejazwa mfuko mkavu wa plastiki ili ikauke na umbo lake. Pasi isiguse akriliki. Ikipata moto inalegea na hairudi.