Degedege: zungumzeni mtoto akiwa mzima

Mwanangu wa kwanza alipatwa na degedege akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Tulikuwa Muheza, kwa wakwe zangu. Jioni homa ilikuwa kidogo tu na alikuwa akicheza. Saa tisa usiku nikasikia kitanda kinatikisika. Macho yamepanda juu, meno yameumana, mikono na miguu inaruka, povu linamtoka. Nilipiga ukunga nikidhani nimeshampoteza.

Chumba kikajaa. Huyu kaleta kijiko cha kumpanulia meno, yule ndoo ya maji baridi, na mama mkwe akaagiza yatafutwe mavi ya tembo mtoto afukizwe. Mume wangu alipotaja hospitali sauti zikapanda: akichomwa sindano huku dege, yaani pepo anayedhaniwa kuleta degedege, liko mwilini, atakufa. Tulitoka kumekucha, saa tatu na nusu zimeshapita. Kumbe ilikuwa malaria kali. Alipona, alhamdulillahi, lakini zile saa zinaniuma mpaka leo.

Simlaumu mama mkwe. Baadaye nilijua kwamba naye alizika mtoto. Walimfukiza siku mbili, wakampeleka hospitali amelegea, akachomwa sindano asubuhi, jioni akafariki. Mama gani asingeichukia ile sindano? Malaria ilikuwa imeshammaliza na dawa ilimkuta mwishoni, ila hakuna aliyekaa na mama yule akamweleza.

Haya ndiyo niliyofundishwa na muuguzi wodini. Mlaze mtoto ubavu, chini kwenye mkeka, mbali na jiko, ili mate na matapishi yatoke yasimpalie. Mlegezee nguo. Usimtie kitu chochote mdomoni, iwe kijiko, kidole, maji au dawa. Ulimi haumezwi, kijiko huvunja meno, na maji huingia mapafuni. Usimbane viungo asitikisike. Tazama saa, maana dakika moja ya degedege mzazi huiona kama saa nzima. Mara nyingi hukoma lenyewe kabla ya dakika 5, kisha mtoto husinzia. Likipita dakika 5, au likirudia, au asipozinduka vizuri, mkimbizeni, wala msingoje likome. Hata likikoma upesi, kwetu huku kwenye malaria mpelekeni siku hiyohiyo. Kwa macho huwezi kujua kama ni homa ya kawaida, malaria imepanda kichwani au ni homa ya uti wa mgongo.

Hospitali watamtoboa kidole wapime malaria. Ulizeni pia kama wamepima sukari, kwa sababu ikishuka sana nayo huleta degedege. Wakiomba kuchukua maji ya uti wa mgongo, kubalini. Najua mnaogopa mtoto atapooza. Nami niliogopa, hadi daktari aliponionyesha kwa kidole: sindano huingia chini kiunoni, mahali ambapo ule uti laini wa ndani ya mifupa umeshakwisha.

Panadoli humpunguzia mtoto homa na maumivu, lakini haizuii degedege, kwa hiyo usijilaumu kwamba ulichelewa kumpa. Kipimo chake hufuata uzito, na uzito umeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Tena, degedege la homa si kifafa. Huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na wengi wao hukua salama kabisa. Ila karibu mmoja kati ya watatu hupatwa tena, ndiyo maana nasema jiandaeni.

Maandalizi makubwa ni mazungumzo. Usiku ule wa povu hakuna mkwe atakayemshinda mama mkwe kwa hoja, na si heshima kujaribu. Mimi nilingoja mtoto amepona. Tukimenya mihogo uani, nikamwomba anisimulie habari za marehemu mwanawe. Nilisikiliza tu siku hiyo. Wiki iliyofuata nikamwomba anisindikize kliniki, nikamkutanisha na muuguzi mtu mzima, rika lake. Aliuliza maswali ambayo mimi nisingethubutu kumjibu: dege ni nini, sindano inafanya nini. Tulirudi kimya. Usiku akamwambia mwanawe, yaani mume wangu, atenge nauli ya bodaboda isiyoguswa, na namba ya dereva iandikwe ukutani.

Mdogo wa mwanangu wa kwanza alipofika miaka miwili, degedege likamshika mchana, mimi nipo sokoni. Mama mkwe hajui kusoma saa. Alimlaza ubavu, akawatoa majirani nje, akahesabu kwa tasbihi. Aliponipigia simu alikuwa tayari njiani na mjukuu kifuani, kadi ya kliniki kaifunga kwenye pindo la kanga.