Insulini Nyingi Katika Damu Haina Maana Moja Tu

Wewe unayeanza kazi ya maabara au utafiti wa kisukari, zoea mapema kukisoma kipimo cha insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa pande mbili, kwa kuwa kiwango kinachopatikana katika damu ya mkononi hutokana na kiasi kilichotolewa na kongosho na pia kasi ambayo mwili unakiondoa. Mimi nilipoanza nilitazama upande mmoja: kila nilipoona insulini imepanda niliandika kwamba kongosho linazidisha kazi, na msimamizi wangu akanirudishia ripoti zaidi ya mara moja.

Insulini itokayo kwenye kongosho hupitia kwanza kwenye ini, na takriban nusu yake huishia hapo. Seli za ini huinasa kwa vipokezi, huimeza, kisha vimeng'enya huivunja. Vipokezi hivyo vina kikomo, kwa hiyo insulini inapomiminika kwa wingi, sehemu inayonaswa hupungua. Kwa mtu mwenye ukinzani wa insulini, yaani ambaye mwili wake hauiitikii vizuri, hasa aliyerundika mafuta kwenye ini, uondoaji huu huzorota, na insulini yake huweza kuwa juu wakati sukari ya damu bado iko katika kiwango cha kawaida. Ndiyo sababu sukari peke yake humchelewesha msomaji wa majibu.

Figo nazo huondoa sehemu kubwa ya insulini iliyovuka ini. Zikidhoofika, insulini anayojidunga mgonjwa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na dozi aliyoizoea huweza kumshusha sukari kwa hatari. Sukari iliyoshuka ghafla bila sababu isikufurahishe kabla hujaangalia kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo.

Ili kutenganisha utoaji na uondoaji, pima peptidi C, kipande kinachokatwa insulini inapotengenezwa, pamoja na insulini. Kongosho hutoa molekuli moja ya peptidi C kwa kila moja ya insulini, lakini ini huiacha peptidi C ipite karibu yote. Insulini ikiwa juu kupita uwiano wake na peptidi C, shuku uondoaji uliozorota, au insulini ya sindano. Kumbuka tu kwamba peptidi C huondolewa na figo, hivyo figo zikishindwa nayo hupanda.

Hayo yote hayana maana ikiwa sampuli ni mbovu. Chembe nyekundu zikipasuka humwaga kimeng'enya kinachovunja insulini, na jibu hushuka kwa uongo. Nilipoteza karibu wiki nzima nikitafuta maelezo ya insulini ya chini, kumbe seramu, yaani majimaji ya damu tunayoyapima, ilikuwa na wekundu wa chembe zilizopasuka tangu ilipopokewa.