Kitalu nyumba Kibaha: pima maji na udongo kabla ya kumwita fundi

Mkuu, umeuliza kama ujenge kitalu nyumba (banda la plastiki la kulimia) cha mita 8 kwa 15 nyuma ya nyumba yako Kibaha ulime nyanya, kwa kuwa fundi amekuhakikishia kwamba humo ndani magonjwa hayaingii. Mimi nimelima nyanya chini ya plastiki Usa River, Arusha, na sasa nina bustani ya nyumbani huku huku Pwani. Nakushauri usijenge kwanza.

Kazi kubwa ya plastiki ni kuzuia mvua. Majani yakikaa makavu, bakajani, ugonjwa wa ukungu unaobabua majani, inapungua sana, na kule Usa River, ambako masika huja na ubaridi na ukungu wa asubuhi, faida hiyo peke yake inatosha kurudisha gharama. Ila ugonjwa unaokaa ardhini haujali paa. Mnyauko bakteria unaua nyanya ndani kama unavyoua nje, na mwenye kitalu nyumba yuko hatarini zaidi kwa sababu akishaingiza pesa yake humo hataki kupanda kitu kingine. Anarudia nyanya juu ya nyanya, msimu kwa msimu.

Kuutambua si kazi. Mche unanyauka ghafla jua likiwa kali, majani yakiwa bado ya kijani, hata kama udongo una maji. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikiwa imezama, halafu usiitikise. Ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe nyembamba zikishuka kutoka kwenye ile ncha, kama moshi wa ubani uliogeuzwa. Hao ndio bakteria wenyewe. Ukiwaona, hakuna dawa ya kupulizia itakayokuokoa, hata muuza pembejeo akuapie. Sehemu hiyo usipande nyanya, bilinganya, hoho wala nyanya chungu, maana zote ni ukoo mmoja. Weka mahindi au vitunguu, na nyanya zako zihamishie kwenye ndoo au viroba vyenye udongo wa mahali pengine. Njia nyingine ni miche ya nyanya iliyobebeshwa kwenye shina la bilinganya lenye ustahimilivu, kama utapata kitalu kinachoiuza.

Kwa hiyo kabla ya kujenga, panda nyanya za kawaida, Tanya au Cal J, hapo hapo unapotaka kuweka banda. Zikifika mavuno salama, umepata jibu la kwanza.

La pili ni maji. Visima vingi vya Dar na Pwani vina chumvi. Nje, masika inaishusha ile chumvi chini. Chini ya plastiki mvua haifiki, unamwagilia matone kila siku, na chumvi inabaki pale pale kwenye mizizi. Ukianza kuona utando mweupe juu ya tuta, ujue imeshajaa. Peleka maji yakapimwe maabara, na kama yana chumvi, vuna maji ya mvua kwanza.

La tatu, joto. Mchana likipita nyuzi 32 hivi, na usiku nao ukawa wa moto, chavua ya nyanya inaharibika na maua yanapukutika. Sasa hebu fikiria Januari ya Kibaha, chini ya plastiki, pande zote zimefungwa kwa neti nzito ya kuzuia kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake hula majani na matunda ya nyanya! Neti inayomzuia nondo inazuia na upepo pia. Ndiyo maana huku nimeona afadhali paa la plastiki peke yake, lililoinuliwa juu sana, pande zote wazi, na kantangaze namdhibiti kwa mitego na kung'oa majani yenye michirizi mapema. Nyanya nazipanga zichanue kuanzia Juni, kwenye kipupwe.

Ukija kujenga, usiweke Tanya humo. Ni fupi, inazaa kwa mkupuo na kuacha, nafasi yote ya juu inapotea bure. Tafuta aina ndefu kama Anna F1, uzifunge kwa kamba, utoe machipukizi ya kwapani kila wiki, na asubuhi uzigongegonge kamba ili chavua idondoke, kwa kuwa upepo humo ni mdogo.

Umegusia pia mipapai. Hiyo haihitaji paa lolote. Panda miche mitatu kila shimo, shimo hadi shimo mita 3, na ikichanua acha mmoja unaozaa, ng'oa madume, ukibakiza dume moja moja kwa ajili ya uchavushaji. Chini yake weka mchicha na matembele wakati bado midogo.

Majibu ya maji yakitoka, yaweke hapa tuyaangalie pamoja, na utuambie kisima kina urefu gani.